Karakta namba 29, na laibrari inayojua kujibu ndiyo au hapana tu

Kama unaandika programu na unaishi Mwanza, siku moja utakutana na samaki kwenye data yako. Hamna namna. Kiwanda cha minofu, mwalo, jokofu, gari la barafu, wote hao siku hizi wana mfumo, na mfumo unatuma taarifa kwa mnunuzi, na mnunuzi wa nje wakati mwingine anakwambia wazi kwamba yeye anapokea XML (data iliyofungwa ndani ya tegi), hataki habari za JSON. Madogo wanaotoka chuo sasa hivi wakisikia XML wanacheka, wanaona ni mambo ya kizee, ila lile faili la .xlsx wanalofungua kila siku ukilibadilisha jina liwe .zip ukaingia ndani unakuta XML tupu, na meseji za benki za ISO 20022 nazo zinaandikwa kwa XML, kwa hiyo tuheshimiane.

Leo naongelea kasehemu kadogo sana ka hayo mambo: karakta ipi inaruhusiwa kuingia kwenye hati ya XML, na ni nani kasema. Linaonekana swali la kitoto mpaka likusimamishie gari.

Kuna kiwanda kimoja upande wa Ilemela, jina tuliache, tuliwaandikia programu ya stoo. Kila boksi la minofu ya sangara lina lebo yenye baakodi, skana inasoma, programu inahifadhi, jioni inatengeneza faili moja la XML la mzigo wote na kulituma. Ilikuwa inaenda vizuri tu, halafu faili zikaanza kukataliwa, na sio zote, baadhi. Dada wa stoo akanipigia: "Kaka, mfumo umegoma tena huku, gari liko getini na barafu ndo hiyo inayeyuka." Nikamwambia dada nivumilie kidogo, nikafungua faili, nikalipitia juu mpaka chini, halina shida yoyote. Tegi zote zimefungwa, alama za & zote zimeandikwa inavyotakiwa, yani safi. Upande wa pili wanarudisha mstari mmoja tu: PCDATA invalid Char value 29, yani ndani ya maandishi kuna karakta namba 29 na hairuhusiwi.

29 kwa heksadesimali (kuhesabu kwa 16) ni 1D. Ni moja ya zile karakta za uongozi za ASCII, kazi yake ni kutenganisha makundi ya data, na kwenye skrini haionekani kabisa, ukiitafuta kwa macho utakesha. Imetoka wapi? Imetoka kwenye lebo. Baakodi za GS1-128 (kiwango cha kimataifa cha lebo za bidhaa) zinabeba taarifa kadhaa kwa mpigo na kila taarifa inatanguliwa na namba yake ya utambulisho, 01 ni namba ya bidhaa, 10 ni bechi, 3103 ni uzito wa kilo wenye desimali tatu. Namba ya bidhaa siku zote ni tarakimu 14 na uzito ni tarakimu 6, hizo hazina utata, unajua zinaishia wapi. Bechi ndo ina mambo, inaweza kuwa fupi, inaweza kufika karakta 20, kwa hiyo ikiwa haiko mwisho wa baakodi lazima kuwe na kitu cha kusema bechi imeishia hapa, na hicho kitu skana inakitoa kama karakta 29. Lebo za zamani za kiwanda zilikuwa na bechi mwisho kabisa, kwa hiyo 29 haikuwepo. Mtu wa lebo akapanga upya, bechi ikakaa katikati na uzito mwisho, basi 29 ikaingia kimya kimya. Mzigo wenye lebo za zamani tupu unapita, ukichanganyika na boksi moja la lebo mpya faili zima linarudi.

Faili zima, sio boksi moja. XML iko hivyo kwa makusudi. Toka W3C, shirika la viwango vya wavuti, waitoe tarehe 10 Februari 1998 kanuni ni kwamba programu inayosoma ikikuta kosa la muundo inaripoti na haiendelei na kazi kama kawaida, hamna kubahatisha. Na orodha ya karakta zinazoruhusiwa ni fupi, unaweza kuikariri ukiwa unasubiri kivuko cha Ukerewe, kwa heksadesimali: tabu (9), mstari mpya (A), rejesho (D), halafu kuanzia 20 mpaka D7FF, E000 mpaka FFFD, na 10000 mpaka 10FFFF. Basi. Nyingine zote hapana.

Sasa hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili, na nimeona hata watu wazoefu wanachanganya. Kuna karakta ambazo zinaruhusiwa ila inabidi uzifiche, kama < na &, hizo unaandika < na & maisha yanaendelea. Halafu kuna karakta ambazo haziruhusiwi kabisa, na hizo kuzificha hakusaidii. Ukiandika  ndani ya XML 1.0 umefanya kosa lile lile, kwa sababu kanuni inasema hata karakta unayoitaja kwa namba lazima iwe kwenye ile orodha. Kwa hiyo ile htmlspecialchars ya PHP ambayo tumeizoea wote, ukiiita kawaida, inashughulikia kundi la kwanza tu, la pili inaliacha lipite kama lilivyo mpaka uipe bendera ya ENT_DISALLOWED pamoja na ENT_XML1, hapo ndo inaweka alama ya U+FFFD mahali pa karakta mbaya. Na angalia, hata yenyewe inategemea umeiambia ni hati ya aina gani, XML au HTML ya toleo lipi, kwa sababu jibu linabadilika. Hilo nitalirudia.

Dogo tunayefanya naye kazi, kijana mzuri kweli, akaniambia "Kaka hii ni mstari mmoja tu", akaandika regeksi (kanuni ya kutafuta maandishi) inayofuta kila kitu chini ya 32. Nikamwambia dogo subiri kwanza. Ukifuta kila kitu chini ya 32 umefuta pia 9, 10 na 13 (zile 9, A na D za kwenye orodha), ambazo XML inazikubali, kwa hiyo anwani ya mteja yenye mistari mitatu inakuwa mstari mmoja uliogandamana. Hilo ni dogo, linarekebishika. Kubwa ni hili. Chukua bechi MZ0417 na uzito wa kilo 12.5. Skana inatoa 10MZ0417, halafu ile 29, halafu 3103012500. Ukiifuta 29 unapata 10MZ04173103012500. Anayesoma ataona bechi inaitwa MZ04173103012500, karakta 16, chini ya 20, kwa hiyo ni bechi halali kabisa kwa mujibu wa kanuni za GS1, na uzito haupo. Hamna kosa popote. Faili linapita, gari linaondoka, na taarifa ni ya uongo.

Afadhali kukataliwa mara mia.

Ndo maana nimeipenda sana laibrari moja ya JavaScript inaitwa xmlchars, japo ni kadogo kiasi kwamba watu wengi wanayo kwenye kompyuta zao na hawajui. Ukiwa umeweka jsdom (laibrari ya kuiga brauza) kwenye mradi wako, jsdom inatumia saxes kusoma XML, na saxes inatumia xmlchars. Kazi yake ni moja: unaipa namba ya karakta, inakujibu ni ya kundi hili au sio. isChar, isS, isNameStartChar, isNameChar. Haisafishi chochote, wala kubadilisha. Mizani ya pale Kirumba mwaloni inakwambia dagaa hizi kilo ngapi, haikwambii umuuzie nani, na hii laibrari ni hivyo hivyo. Kufuta, kugawanya, kurudisha kwa aliyeingiza, hayo ni maamuzi ya mtu anayejua ile data maana yake nini, na anayejua kwamba 29 ni mpaka wa bechi ni mtu wa stoo na programu ya skana, sio programu ya XML.

Kitu cha pili nilichokipenda ni jinsi ilivyogawanywa. Huwezi kuita isNameChar hivi hivi tu. Inabidi uchukue moduli, na jina la moduli ni kiwango na chapisho lake: xml/1.0/ed4, xml/1.0/ed5, xml/1.1/ed2, xmlns/1.0/ed3. Mwanzoni unaona usumbufu, kwani XML 1.0 si ni XML 1.0? Kumbe hapana bana, na hii stori watu wengi hawaijui.

Chapisho la nne la XML 1.0, la 2006, lilikuwa bado linaorodhesha herufi zinazoruhusiwa kwenye majina ya tegi moja moja, majedwali marefu, na majedwali hayo yalitokana na Unicode 2.0 ya 1996, Unicode ikiwa ni kile kiwango kinachoipa kila herufi ya dunia namba yake. Unicode yenyewe ikaendelea kukua. Mwaka 1999 toleo la 3.0 likaleta herufi za Kiethiopia, Kikhmer, Kiburma na nyingine. Ikawa ajabu: Mwethiopia anaweza kuandika Kiamhari ndani ya tegi anavyotaka, lakini tegi yenyewe hawezi kuipa jina la Kiamhari, XML inakataa. XML 1.1 ya 2004 ilijaribu kurekebisha hilo, ila haikushika, na moja ya sababu ni kwamba iligusa na vitu vingine ambavyo watu hawakuvitaka. Mwisho wakaamua, Novemba 2008, chapisho la tano la XML 1.0 lile lile, kubadilisha kanuni: badala ya kutaja walioruhusiwa mmoja mmoja, unaruhusu maeneo makubwa makubwa na kutoa wachache wanaoleta shida, hata herufi ambazo hazijazaliwa bado zinapata nafasi. Majedwali yale yote yakawa vipande 16 tu vya herufi ya kuanzia jina. Ukiangalia vipande hivyo utaona matundu madogo, × na ÷ zimetolewa kwa sababu ni alama za hesabu, na 37E imetolewa kwa sababu ni alama ya kuuliza ya Kigiriki ambayo ukiisawazisha kwa Unicode inageuka nukta mkato ya kawaida.

Shida ni kwamba hati ya chapisho la nne na hati ya tano zote zinaanza na version="1.0". Hati haikwambii imeandikwa kwa kanuni zipi. Na usidhani la nne limekufa, Expat, ambayo Python inaitumia kusoma XML, inafuata la nne, Xerces ya Java vile vile, wakati libxml2 ambayo PHP inaitumia inafuata la tano na ina chaguo la kurudi nyuma ukitaka. Kwa hiyo tegi yako inaweza kupita kwako na kukataliwa kwa mwenzako na wote wawili mko sahihi. Laibrari inayoniletea fankisheni moja tu inaitwa isValidName bila kusema kwa chapisho lipi, mimi kwa kweli siiamini, inanificha uamuzi ambao nilitakiwa niufanye mwenyewe nikijua mwenzangu upande wa pili anatumia nini.

Ile xmlns nayo ina sababu yake. Kwa XML 1.0 yenyewe alama ya nukta pacha (:) inaruhusiwa kwenye jina, hata kuanza nayo, wakati kanuni za nafasi za majina (namespaces) zinaihifadhi kwa ajili ya kutenganisha kiambishi na jina. Karakta 58: moduli moja inasema ndiyo, nyingine inasema hapana. Zikiwa kwenye moduli tofauti huwezi kuchanganyikiwa, zikiwa fankisheni moja yenye vigezo vya kweli na si kweli utachanganyikiwa tu, ni suala la muda.

Sasa majina ya tegi yana kisanga chake huku kwetu. Kuna watu wanachukua vichwa vya safu kwenye Excel wanavigeuza kuwa tegi, mi siupendi huo mtindo lakini upo. Umepewa Excel ya mwalo ina "Uzito(kg)", ina "2024 mavuno", ina "Jina la mvuvi". Mabano hayaruhusiwi, nafasi hairuhusiwi, tarakimu haiwezi kuanza jina. Na kanda hii yetu Ng' iko kila kona, Ng'wandu, Ng'washi, sijui ng'ombe. Ile apostrofi ya kibodi, U+0027, hairuhusiwi kwenye jina la tegi. Ile iliyopinda ambayo Word inaweka yenyewe, U+2019, nayo hairuhusiwi. Lakini kuna ya tatu, U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kama herufi na sio alama ya nukuu, na hiyo inaruhusiwa kwenye chapisho la nne na la tano pia. Zote tatu kwa macho ni kitu kimoja. Simshauri mtu aweke ya tatu kwenye tegi, we andika tegi "ngombe" au "mfugo" upumzike, ila ndani ya maandishi zote tatu ni halali na ndo hapo unakuta mvuvi mmoja anaonekana wavuvi watatu kwenye ripoti, kwa sababu karani wa asubuhi anatumia simu na wa jioni anatumia kompyuta. Hilo isChar haitakusaidia, yenyewe inasema ndiyo kwa zote. Namba za simu pia, ukiikopi kutoka kwenye kontakti mara nyingi inakuja na U+202A mwanzo na U+202C mwisho, hazionekani, XML inazipitisha bila neno. Ile nafasi isiyovunjika, U+00A0, XML inaipokea ila haihesabu kuwa nafasi, isS inakubali vinne tu, 20, 9, D na A. Halali na safi ni vitu viwili.

HTML ni ulimwengu mwingine kabisa. Brauza haikatai kitu, karakta ya uongozi ni kosa kwenye vitabu lakini ukurasa unafunguka. Na ina mambo yake, ukiandika ’ kwenye HTML brauza inakupa ile apostrofi iliyopinda, kwa sababu kiwango kinaitafsiri namba hiyo kwa jedwali la windows-1252. Hiyo hiyo kwenye XML 1.0 ni U+0092, karakta ya uongozi, inaruhusiwa, haionekani. Kwenye XML 1.1 ni ya masharti, itaje kwa namba tu, ukiiweka yenyewe mbichi ni kosa. Na hapo hapo XML 1.1 inairuhusu ile 29 yangu ukiitaja kwa namba, dogo akaniuliza kwa nini basi tusihamie 1.1 yaishe. Kwa sababu mnunuzi haisomi, dogo. Wengi hawaisomi.

Ofisini tunatumia PHP kwa hiyo nimeandika upya vimoduli hivyo kwa PHP, folda kwa kiwango, faili kwa chapisho, kila fankisheni inapokea namba na kurudisha ndiyo au hapana. Kazi yenyewe ni ya kuchosha kuliko kuwa ngumu. Kwenye JavaScript mtego uko kwenye charCodeAt: emoji ya samaki, U+1F41F, kwa charCodeAt inatoka vipande viwili, D83D na DC1F, na vyote viko kwenye eneo ambalo XML inalikataa, kwa hiyo utasema jina la duka la mama wa watu ni batili wakati ni halali. Tumia codePointAt. Na usikate maandishi kwa urefu bila kuangalia, ukikata katikati ya emoji unabaki na nusu yatima, na hiyo kweli ni batili. Kwenye PHP mtego ni preg_match yenye /u: maandishi yakiwa sio UTF-8 sahihi hairudishi 0, inarudisha false, na ukiandika if (!preg_match(...)) huwezi kujua kama hakuna kilichopatikana au kama maandishi yenyewe yameharibika. Mimi naangalia mb_check_encoding kwanza, ikifeli naishia hapo hapo, ndo nachukua karakta moja moja kwa mb_ord.

Majaribio usiweke herufi a, b, c, hizo hazina shida na mtu. Weka kingo: 8, 9, A, B, C, D, E, 1F, 20, halafu D7FF na D800, DFFF na E000, FFFD, FFFE, FFFF, 10000, 10FFFF na 110000. Kwa majina weka 2F na 3A, weka D7 na F7, weka 37D, 37E, 37F, na weka 1200, herufi ya kwanza ya Kiethiopia, ambayo lazima ikataliwe ed4 na ikubaliwe ed5. Hiyo moja ikipita sehemu zote mbili ujue umekopi faili moja mara mbili.

Kwa kiwanda, mgawanyo tumeuweka kwenye skana. Ikisoma lebo inakata kwenye 29 papo hapo, bechi inaenda safu yake, uzito safu yake, na ile mbichi haiingii kwenye databesi. Kule kwenye kutengeneza XML isChar imekaa mlangoni, ikikuta kitu batili inasimamisha na kutaja boksi namba ngapi, safu gani, karakta ya ngapi na thamani yake. Dada wa stoo ananipigia bado, lakini sasa ananiambia "Kaka, boksi la 212, bechi, karakta ya 5, U+000B", na U+000B ni ule mstari mpya wa PowerPoint, maana yake kuna mtu anakopi namba za bechi kutoka kwenye slaidi za kikao cha uzalishaji badala ya kuskani lebo, na hayo ni mazungumzo yake na msimamizi wake, sio yangu.